Saa Mia Mbili na Arobaini

Wageni hulipa ghali kulala chumba namba kumi na saba.
Mlango wake una kitundu, na kwa kitundu hicho
babu yangu Wiebe alichungulia kila robo saa,
miaka thelathini na mmoja, hadi jicho la kulia likachoka.
Siku hizi kimezibwa kwa shaba.
Juzi bibi mmoja wa Antwerp alinilalamikia
eti dirisha ni dogo mno, lina nondo.
Nikasema pole, nikamwongezea mto.

Mimi ndiye mtandikaji. Mashuka meupe, sabuni ndogo ndogo.
Nikinyoosha mgongo dirishani nauona uwanja:
mkahawa, baiskeli, miti ya lindeni,
na jiwe moja jeusi kati ya matofali mekundu.

Pale palisimama kitanzi.

Tjitske, aliyemzaa babu yake Wiebe,
aliwahi nafasi kabla hakujapambazuka,
na kapu la mkate wa rai, na mtoto mgongoni.
Waliletewa mtu aliyechoma ghala. Au aliyesemwa kachoma.
Tjitske akamnyanyua mwanawe juu ya vichwa vya watu:
"Tazama, upate kukumbuka."
Mtoto akakumbuka. Hadi uzeeni, akiwa hana meno,
alisimulia soksi ya buluu, iliyotoboka, kidole gumba nje,
kikichezacheza hewani, kisha kimetulia.
Kosa la mtu yule hakulikumbuka hata kidogo.

Halafu mji ukaona haya.
Sisi si washenzi, wakasema, na jengo hili likajengwa:
kila mtu na ukuta wake, kila mtu na kimya chake,
na wakitolewa kuota jua huvikwa kitambaa usoni,
matundu mawili ya macho, wasije wakajuana.
Wiebe alikikuta kimoja stoo, kimeliwa na nondo.
Alikigeuza, akakinusa.
"Kamba ilikuwa ya dakika moja," akaniambia. "Hiki kilikuwa cha miaka."
Walioshona waliita huruma.
Pengine ilikuwa. Sijui.

Alipokaribia kustaafu wakaleta televisheni, rangi ya maji,
na daktari wa nafsi mwenye viatu visivyolia.
Kwa kinyozi watu walimcheka: mnaendesha hoteli nyie!
Basi ikawa hoteli.

Nami niliyapenda yote hayo.
Niliwaeleza wageni kwa fahari, ufunguo mkononi,
jinsi tulivyotoka kule tukafika huku,
mpaka usiku ule wa Novemba, kwenye daraja la mfereji,
Jelmer, miaka kumi na tisa, bia sita, gari la mjomba wake,
na Douwe wa dada yangu juu ya baiskeli, taa inawaka.
Taa inawaka. Nililirudia neno hilo mahakamani.

Hakimu alimpa saa mia mbili na arobaini za kazi ya umma,
na leseni akanyang'anywa.
Dada yangu Baukje alikunja mikono, hakutamka lolote.
Mimi nilitamka, nje, ukumbini, mbele ya mama wa kijana.
Nilichosema sitakiandika hapa.
Tjitske angekielewa mara moja.

Sasa anafagia majani uwanjani, Jumanne na Alhamisi,
kizibao cha machungwa kinampwaya.
Watu wanaagiza kahawa. Hakuna anayemtazama
ila mimi, kila robo saa, mto mkononi,
nikihesabu. Zimebaki sitini na nne.
Siku nyingine naziona nyingi.
Siku nyingine natamani majani yasikome kuanguka.

Alhamisi mvua ilimkuta wazi.
Akaegemea ufagio, akavua kiatu akikung'ute maji,
mguu mmoja juu, mwingine juu ya lile jiwe,
akiyumba kidogo,
na mimi nikageuka upesi kuelekea kitandani
nisije nikaiona soksi yake.